Vitone Vitatu kwenye Jani la Springi

Siku tunamzika mume wangu Gozbert, wasifu wake ulisomwa kwa dakika tatu. Aliusoma mwanetu Ansbert kwa sauti nzuri. Kuzaliwa Bukoba, kipaimara, ndoa, watoto wanne, kazi fundi wa springi za malori, kustaafu mwaka 2019. Hapo kwenye kustaafu nilitazama chini. Fundi wa springi hastaafu. Haandikiwi barua wala hafanyiwi sherehe ya kuagwa. Anaacha akifa, au anaacha kwa sababu, na hiyo sababu Ansbert hakuiandika kwa kuwa haijui. Naijua mie.

Mie ni Demetria. Nilimaliza darasa la saba nikiwa namba mbili, na namba moja alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, kwa hiyo mtajaza wenyewe. Mwandiko wangu haujatetemeka hadi leo. Nalitaja hilo asije akatokea mtu akasema bibi kaandikiwa.

Gozbert alikuja Dar mwaka sabini na nane, kijana mwembamba mwenye shati moja la kwenda kanisani. Alipata kazi mtaa wa Gerezani kwa Singasinga mmoja mzee, mwenye kilemba na mikono kama makoleo. Huyo ndiye aliyemfundisha springi, na alimfundisha kwa masikio. Alimwambia macho yataona kutu na grisi tu. Ning'iniza jani, ligonge, usikilize, lenyewe litakwambia.

Kwa asiyejua, springi ya lori si ile ya kujiviringa kama ya kitanda. Ni vyuma bapa, virefu, vilivyopinda kidogo, vinapangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini, vikabanwa katikati kwa bolti. Kila chuma wanakiita jani. Lile la juu kabisa ndilo limeshika gari, maana huku na huku lina jicho la kupitishia pini. Springi za nyuma zikivunjika lori linainama, dereva anajikokota mpaka gereji huku anatukana. Za mbele si za kutukana. Jani la juu la mbele likikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, gari linavuta huko huko, na usukani mkononi mwa dereva unakuwa pambo.

Ndiyo maana Gozbert alikuwa mgumu na springi za mbele. Kwanza lori lipigwe magogo matairi ya nyuma. Kisha jeki, na chini ya chesisi stendi mbili za chuma, maana jeki hakuwahi kuiamini hata siku moja. Tairi linatoka, yuboti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zinalegezwa kwa spana yenye bomba refu, pini zinapigwa zitoke, na mzigo wote wa majani unashuka chini kama maiti ya mtu mzito, wanaume wawili wanapokea. Hapo ndipo kazi yake inaanzia. Bolti ya katikati inafunguliwa, majani yanatawanywa, na kila moja, liwe jipya la dukani au la mtumba, analining'iniza kwa kamba kwenye boriti ya kibanda na kuligonga kwa nyundo ndogo.

Jani zima linaimba, na linachelewa kunyamaza. Jani lenye ufa, hata ufa usioonekana, linakohoa mara moja, basi.

Likiimba, anachukua patasi na kulipiga vitone vitatu karibu na jicho. Hiyo ilikuwa alama yake: nimelisikia mie. Madereva walikuwa wanaijua toka Ukonga mpaka Madale. Dereva akinunua lori kuukuu anainama chini kutafuta vitone vitatu, akiviona anapumua.

Kiwanja chetu cha Kinyerezi tulikipata kabla mitambo ya gesi haijajengwa, wakati watu wakituuliza tumefuata nini porini. Gereji ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati jiko langu la chapati. Madereva wakisubiri gari wanakula. Miaka ishirini na kitu nimekaa hapo, mgongo kwa nyumba, uso kwa ile boriti. Kwa hiyo hata mie nilijifunza. Si kwa kufundishwa. Mtu akigonga chuma mbele yako miaka ishirini, utakijua.

Sikio lake la kushoto lilikufa kwanza. La kulia likafuata taratibu, likabaki na uhai kidogo wa mtu kusimama karibu na kupaza sauti. Ni zile nyundo za miaka arobaini, ratili kumi na nne, chuma juu ya chuma. Hakumwambia mtu. Mbele ya watu alijifunza kutazama midomo, na pale asipoambulia kitu alicheka, akasema, "Nyie vijana bwana!" Wakamwona mzee mcheshi. Nani atapeleka lori kwa fundi springi kiziwi?

Hata mie hakuniambia. Nilijua siku alipogonga jani likakohoa, tena sana, halafu nikamwona anainama kuchukua patasi. Nikaweka mwiko chini juu ya mfuniko. Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Alikaa vile, patasi mkononi, muda wa chapati kuungua upande mmoja, kisha akalifungua lile jani kwenye kamba na kulitupa kwenye chuma chakavu. Dereva akauliza, "Vipi mzee, bovu?" Akajibu, "Hujasikia lilivyolia?"

Tangu siku ile ikawa hivyo. Hatukukaa tukapatana, hatukulitaja chumbani wala mezani. Anagonga, ananitazama. Nikiendelea kugeuza chapati, jani ni zima. Nikiweka mwiko chini, ni bovu. Miaka miwili tulifanya kazi hivyo, na hakuna lori lililorudi na lawama. Niseme ukweli, nilijiona. Kila vitone vitatu vilivyopigwa miaka ile miwili, nusu yake ni yangu, na hakuna aliyejua.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Lori lilikuwa la Hamoud, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Temeke, duka la toka babu yake. Mtu wa heshima, hanyanyui sauti. Dereva alikuwa Praygod, kijana wa Kichaga, mdomo haufungi, anabeba kokoto na mchanga kupeleka Madale wanakojenga vilimani. Springi ya mbele kushoto, jani la juu limekatika. Lori walilileta likiwa tupu, linatambaa.

Jani jipya la saizi ile lilikuwa limeadimika madukani wiki hiyo. Hamoud akaja nalo la mtumba, kalifunga kwenye gunia safi kama mtu aliyebeba zawadi.

"Mzee Gozi, hili halina tatizo," akasema, kasimama karibu kabisa. "Limetoka kwenye gari lililopata ajali likiwa bado jipya."

"Gari lililopata ajali!" Gozbert akasema. "Hamoud, hizo ndizo sifa?"

Praygod akacheka. "Mzee, bosi wangu akikuuzia jeneza atakwambia limetumika mara moja tu."

"Wewe nyamaza, ndiwe utakayelitumia," Hamoud akamjibu, na wote watatu wakacheka. Nakumbuka hilo neno. Sitaki kulikumbuka, lakini nalikumbuka.

Mchana ulifika, nikapakua. Nikaita, "Baba Ansbert, chakula!" Nikaita mara ya pili. Ya tatu nikaita kwa sauti ya kumwita mtoto aliyeko ng'ambo ya bonde.

Praygod akamgusa bega. "Mzee, bi mkubwa anakuita mpaka majirani wameanza kunawa."

Nikaona uso wa Gozbert unabadilika. Alitazamana na Hamoud, akaona Hamoud anamtazama vizuri, kwa makini, kama mtu anayeanza kufikiri jambo. Akaogopa. Mie namjua mume wangu, aliogopa. Na mtu akiogopa hushika kilicho karibu. Akasema kwa nguvu, "Huyu mama kadiri anavyonenepa ndivyo sauti inavyopungua! Inamezwa na mafuta humo humo!"

Wakacheka. Hamoud aliziba mdomo kwa adabu, lakini alicheka. Madereva wawili waliokuwa wanakula kwangu walicheka huku chapati zangu ziko midomoni mwao. Mwaka ule miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba, nilikuwa nimenenepa kweli, na nilikuwa nalia kwa siri nikivaa viatu. Yeye alijua. Mie ni binti wa katekista, sijawahi kutaniwa mwili mbele za wanaume.

Nilirudi kwenye jiko, nikakaa, nikainamisha kichwa kwenye kikaango, nikaapa kwamba leo hatauona uso wangu.

Akamaliza kula, akaenda kwenye boriti, akalining'iniza lile jani la mtumba. Akagonga.

Lilikohoa.

Nimejidanganya mara nyingi kwamba sikusikia vizuri, kwamba lori lilikuwa linapita, kwamba mafuta yalikuwa yanachemka. Nilisikia. Kama sufuria lililopasuka. Nikasema moyoni, ngoja asubiri kidogo. Ngoja agonge tena, asimame pale kama mjinga anitazame, wote wamwone. Akigonga mara ya pili nitaweka mwiko. Nikageuza chapati.

Hakugonga mara ya pili. Kwake mie nilikuwa nimeshajibu. Nikasikia patasi, tap, tap, tap.

Nilipoinua kichwa, jani lilikuwa limeshapakwa grisi na kulazwa juu ya wenzake, bolti inapita katikati. Ningeweza kusimama. Ilikuwa hatua kumi na mbili, nimezihesabu baadaye. Lakini ningesimama niseme nini mbele ya Hamoud? Kwamba fundi wako hasikii, na mie niliyemsikilizia nilikuwa nimenuna? Nikaona afadhali nisubiri. Gozbert alikuwa na sharti: springi ya mbele ukishafungiwa, unapakia mzigo, unatembea, siku ya tatu unarudi yuboti zikazwe upya, maana majani yanakuwa yamekaa. Hakuna dereva aliyekaidi. Nikasema siku ya tatu Praygod akirudi, nitamwambia Gozbert alifungue aligonge tena. Atanitukana, tutagombana, yataisha.

Lori lilianguka siku ya pili.

Lilikuwa limejaa kokoto, linateremka kilima Madale. Likavuta kushoto ghafla, likapanda tuta, likaingia kwenye kibanda cha cherehani. Ndani alikuwa Gladness, binti wa miaka ishirini na sita, anashona sare za kwaya. Alikufa pale pale. Praygod alivunjika mbavu, akatibiwa, akatoka hospitali na askari. Walisema mwendo kasi.

Habari ilitufikia kwa simu ya Hamoud. Gozbert hakuisikia simu, nilipokea mie. Nikamwandikia kwenye karatasi, maana sikuweza kupaza sauti kwa jambo lile. Alisoma, akavaa shati safi. Lori lolote la springi zake likipata ajali alikuwa anakwenda kulitazama, toka enzi za Gerezani. Nikafuatana naye.

Lori lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa polisi, pua imekunjwa. Alilala chali kwenye vumbi, mzee wa miaka sitini na tisa, akaingia chini. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha jani, jicho likiwa bado juu yake. Akapangusa mafuta kwa pindo la lile shati safi. Vitone vitatu.

Kisha akageuza pale palipokatika, akanionyesha. Sehemu ilikuwa nyeusi, ina kutu. Sehemu ilikuwa inang'aa kama sukari. Nyeusi ni ufa wa zamani. Inayong'aa imekatika jana. Hata mtoto angesoma.

Akanitazama usoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akalitaja jambo letu kwa mdomo. Akauliza polepole, "Juzi ulilisikia vipi?"

Ukiulizwa na mtu asiyesikia huwezi kujibu maneno mengi. Kuna ndiyo na kuna hapana. Kama ningetikisa kichwa, ningepaswa kueleza yote, pale, mbele ya askari, kwa sauti ya kupiga kelele.

Nikaonyesha kwa mkono. Liliimba.

Akashusha pumzi. "Basi chuma kimetudanganya wote wawili," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. Kisha akaniwekea mkono begani, yeye mwenye mkono mchafu, mie mwenye kitenge cha kanisani, akasema, "Pole, mama. Na sikio lako limeanza kuondoka."

Akamwita mkaguzi wa magari. "Afande, njoo uone hapa."

"Mzee, nani kakuruhusu kushika hilo gari?"

"Hiki chuma nimekifunga mie. Hii alama ni yangu. Tazama, hapa palipasuka zamani, kabla sijakifunga. Nilitakiwa nikikatae. Huyo kijana mliyemfungia hana kosa."

Afande alimtazama kama anatazama mgonjwa. "Unajua unachosema, baba?"

"Sema kwa nguvu, sisikii," Gozbert akajibu. Hivi hivi, katikati ya uwanja, siri aliyoifungia miaka yote. Akaitoa kama mtu anayevua kofia.

Praygod aliachiwa. Gozbert akapelekwa mahakamani. Aliomba karani asimame upande wa kulia amrudilie maswali. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini haachi kitu.

"Umesema unapima kwa kusikiliza. Na umesema husikii. Ulikuwa unapimaje?"

Karani akarudia sikioni. Gozbert akasema, "Nilikuwa na mtu wa kunisikilizia, mheshimiwa."

"Nani huyo?"

Nilikuwa benchi la tatu, karibu na Hamoud. Gozbert hakugeuka kunitazama. Miaka miwili amenitazama kwa kila jani, siku ile hakunitazama.

"Huyo hahusiki," akasema. "Huyo alisikia sawasawa siku zote. Kosa ni la aliyepiga alama."

Hakimu akamtaka ataje. Akasema jina halikumbuki, uzee. Watu wakaguna. Mie niliangalia vidole vyangu mpaka wakapita kwenye jambo lingine.

Alipewa kifungo cha nje. Miezi sita alifagia uwanja wa zahanati kila asubuhi, na alifagia vizuri, kwa mistari, kama anavyofanya kila kitu. Lakini gereji hakuifungua tena. Madereva walikuja. Wengine walisema, "Mzee, sie bado tunakuamini, fungua." Hamoud mwenyewe alikuja, akakaa, akasema, "Mzee Gozi, mie ndiye niliyeleta lile jani, mzigo huu si wako peke yako." Gozbert akamshukuru. Wote aliwajibu neno moja: hakuna tena wa kusikiliza.

Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo Ansbert alipoandika kustaafu. Gozbert aliacha kazi kwa kuamini kwamba sikio langu nalo limekufa. Alikuwa na nguvu, alikuwa na mikono, alikuwa na watu wanaomngoja. Alichokosa ni sikio langu, na sikio langu lilikuwa zima. Ni zima hadi leo. Usiku nasikia panya wakitembea juu ya dari.

Miaka mitano nilikuwa naye ndani ya nyumba hiyo. Alianza kuniongelea kwa kupaza sauti, akidhani ananisaidia. Watu wakija kuniamkia anawaambia, "Mkaribieni, na yeye hasikii vizuri." Nami nikawa najifanya sisikii. Mara ngapi nilishika kalamu nimwandikie kwenye karatasi, kama nilivyomwandikia siku ya ajali. Mwandiko ninao. Nilikuwa naandika "Baba Ansbert" halafu naona ule uso wake siku ya mzaha, wale wanaume wanacheka, na hasira inarudi, ile ile, mbichi, nami naikunja karatasi. Ndivyo nilivyo. Sijisifu, nasema nilivyo.

Alifariki mwaka jana mwezi wa Agosti, usingizini, bila kusumbua mtu.

Praygod anakuja kila mwezi. Ana lori lake mwenyewe sasa. "Shikamoo mama," anapiga magoti kabisa, na analeta mfuko wa mchele wa Kyela. Anamwita Gozbert mzee aliyemtoa gerezani. Mtoto wake wa kiume kampa jina hilo. Mchele wake naupika, nawagawia majirani, na wote wanasema yule kijana ana shukrani.

Jumamosi ni misa ya kumbukumbu ya mwaka. Praygod amesema atakuja na mama yake Gladness, ambaye wamezoeana, wanatembeleana. Ameniomba nisimame niseme machache kuhusu maisha ya mzee, kwa kuwa wasifu ule wa msibani ulikuwa mfupi mno.

Machache ndiyo haya. Sitasimama kuyasoma, maana pumzi hainitoshi, na sitaki yasomwe na Ansbert akiwa hajajiandaa. Nitampelekea Praygod karatasi hizi Alhamisi, azisome yeye kwanza, kisha ampe mama wa Gladness. Wakitaka kuja Jumamosi waje, viti vya mbele vitakuwepo. Mchele asilete.